Wati 500 za besi, kwa faida ya nani?

Wadau, leo naomba niseme jambo ambalo limeshanigombanisha na rafiki yangu wa karibu, na huenda likanigombanisha na kwaya nzima.

Mpiga besi wetu anataka ampu. Na si ampu tu, anataka ile kubwa ya wati 500, yenye boksi la spika nne za inchi 10, kama anazoziona YouTube. Jumapili mbili zilizopita ikatangazwa harambee: shilingi milioni mbili na nusu. Mama mmoja anayeuza dagaa sokoni alisimama akaahidi elfu ishirini. Rafiki yangu mwenyewe kaahidi magunia mawili ya mahindi, na mahindi hayo mimi nayajua. Ndiyo ada ya mdogo wake.

Nimenyamaza Jumapili mbili. Leo nasema wazi: hiyo ampu hatuihitaji. Na sidhani kama kuna mpiga besi hapa Mpanda anayeihitaji.

Najua mtaniambia, wewe mwandishi wa habari za mazao na vikao vya madiwani, muziki umeujulia wapi? Haya, nilipokuwa chuo nilicharaza besi miaka mitatu kwenye kwaya ya wanafunzi. Utamu wa kugusa uzi mmoja vioo vya ukumbi vikatetemeka naujua vizuri sana. Ndiyo maana naogopa.

Tuanze na haki ya mwenzangu, maana anayo. Besi kweli inakula nguvu. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne ukipigwa wazi unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini namna hiyo. Ili besi isikike sawa na gitaa la solo, inadai wati nyingi zaidi. Uwanjani ndiyo balaa, hakuna kuta za kurudisha sauti. Ukichukua kiampu cha wati 30 ukaenda nacho kwenye mkutano wa hadhara, kitakoroma tu, na ukikilazimisha utaua spika. Hapo hatubishani.

Tunabishana kuhusu kinachofuata. Kwanza, wati si kelele. Ukiongeza wati mara mbili, tuseme kutoka 250 kwenda 500, sikio linaona tofauti ndogo tu, desibeli 3. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati karibu mara kumi. Bei ya dukani haipandi kidogo hivyo! Unalipia namba kubwa, unapata tofauti ambayo yule mama wa dagaa aliyekaa benchi la mwisho hataigundua.

Pili, tujiulize hizi ampu kubwa zilitoka wapi. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ya Marekani ilitoa SVT, wati 300, na Rolling Stones wakaenda nazo kwenye ziara yao ya Marekani mwaka huo. Kichwa chake peke yake kilikaribia kilo 40. Kwa nini walihitaji dude hilo? Kwa sababu enzi zile spika za ukumbini zilibeba zaidi sauti za waimbaji. Mpiga besi alitakiwa kuujaza uwanja kwa ampu yake mwenyewe. Lilikuwa jibu la shida ya wakati ule. Leo besi inachomekwa kwenye mikisa, na spika kubwa za mbele ndizo zinazowafikishia watu. Na studioni hata zamani hawakuhitaji ukubwa huo: James Jamerson, yule bingwa wa besi wa Motown kule Detroit, alikuwa anachomeka gitaa moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia.

Utasema hao ni Wamarekani. Sawa, turudi nyumbani. Zile zilipendwa tunazozisikiliza kwenye mabasi, za Sikinde, Msondo na Tabora Jazz ya jirani zetu hapo, nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja studioni. Sikiliza besi ya Suleiman Mwanyiro, yule aliyeitwa Computer. Haipigi kelele. Inaingia, inanyamaza, inaacha nafasi, inarudi pale usipoitegemea. Unaisikia kwa sababu imeachiwa nafasi. Sisi kwenye kwaya yetu besi inapiga kila kipigo, na mkono wa kushoto wa kinanda unapiga besi ileile, halafu tunalalamika besi haisikiki! Hiyo si shida ya wati jamani. Hiyo ni shida ya mazoezi, na dawa yake ni bure.

Rafiki yangu anasema, "Kaka, nikiwa jukwaani sijisikii." Namwamini. Lakini nimemwangalia. Kiampu chake anakiweka sakafuni nyuma ya miguu yake. Zile sauti kali za uzi, zinazokufanya utambue noti, zinasafiri kama mwanga wa tochi, na tochi yake inamulika magoti! Mzito unasambaa kila upande, mkali haufiki sikioni. Anaongeza. Mpiga ngoma naye anaongeza. Besi inaingia kwenye maiki za waimbaji, na fundi mitambo hawezi kuipunguza kwa sababu inatoka jukwaani, si kwake. Mwisho wa yote maneno ya wimbo hayasikiki, na kwaya isiyosikika maneno inahubiri nini? Ampu ya wati 500 itafanya hayo hayo kwa ukubwa zaidi. Apandishe kiampu juu ya kiti, akiinamishe kimwelekee usoni. Nilimwomba ajaribu Jumamosi moja mazoezini. Alijisikia. Hakupenda kukiri, lakini alijisikia.

Tatu, umeme. Kwa miaka mingi Mpanda iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya gridi ya Taifa. Hakuna mtu wa hapa wa kufundishwa maana ya giza. Na kwaya yetu haikai mjini tu, inaalikwa Inyonga, inaalikwa Mishamo. Huko tunakwenda na lile jenereta dogo linalochanganyiwa petroli na oili. Majenereta ya aina hiyo mengi hutoa wati 650 hivi. Hapo kuna kinanda, mikisa, spika mbili na taa. Ukiongeza ampu kubwa, kila besi ikigonga umeme unayumba na kinanda kinajizima. Na hilo boksi la spika nne litakaa wapi kwenye gari lililojaa waimbaji? Tutamwacha soprano mmoja nyumbani?

Sisemi tusichange. Tuchange, lakini tununue kitu cha wote. Kwa fedha hiyo hiyo tutafute sabufa za mbele, na kile kiboksi kidogo cha DI kinachopeleka gitaa kwenye mikisa bila mikwaruzo. Sabufa zikibeba besi na ngoma, zile spika mbili zinapumzika, na sauti ya mhubiri na waimbaji inatoka safi. Nazo zinakula umeme, ndiyo, lakini zinahudumia kanisa zima, na safari za kijijini zinaweza kubaki mjini. Ampu ya besi inamhudumia mtu mmoja. Siku akihama, akipata kazi Sumbawanga, itabaki stoo na panya.

Nasikia wengine wakisema namwonea wivu. Hapana. Namjua tangu sekondari, vidole vyake ni vizuri kuliko vyangu nilivyowahi kuwa navyo. Kinachoniuma ni kumwona anaamini kwamba kinachomkosesha heshima ni ukubwa wa boksi lililoko nyuma yake. Sisi vijana tuna ugonjwa huo, na waandishi tumo: kamera kubwa, habari ndogo.

Jumapili hii kuna kikao cha kwaya. Nitasimama mbele ya mwalimu wa kwaya na wazee, niseme haya haya niliyoyaandika hapa, halafu nitoe ahadi yangu ya elfu hamsini kwa ajili ya sabufa. Na wewe rafiki yangu, najua unasoma: hayo magunia mawili yapeleke shule.

Naomba kuwasilisha.