Mbwa Aumwaye Mgongo
Mbwa akikunja mgongo, akilia ashikwapo na kukataa kupanda ngazi, msimpige kana kwamba ni mvivu. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna gegedu laini. Moja likitokeza, huibana mishipa ya fahamu. Mbwa wenye mwili mrefu na miguu mifupi hupatwa zaidi, na maumivu hurudi. Mfungieni mahali padogo majuma 4 hata 6, ijapokuwa aonekana mzima: wengi humwachia mapema, naye huanguka tena. Atoke kwa haja tu, kamba ikiwa kifuani, si shingoni. Msimpe dawa za watu. Miguu ikilegea, au asipoweza kukojoa, mpelekeni kwa mganga wa wanyama siku ile ile. Alindaye nyumba yetu usiku astahili huruma yetu.