Jiwe la Rubaya Ubaoni

Mwanafunzi wa Masisi, Kivu Kaskazini, hufundishwa namba ya uoksidishaji kwa pamanganeti ya potasiamu, chumvi ambayo huenda akamaliza shule bila kuiona. Koltani, madini ya tantali na niobi, anaiona kila siku ikipita barabarani ndani ya magunia. Toleo hili lina dai moja: somo lianzie kwenye migodi ya Rubaya na Bisie, pamanganeti ifuate baadaye. Vita tunavijua. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya mwaka 2024, na Machi 2025 mgodi wa Bisie ulisimamishwa kwa muda walipousogelea. Maabara hatuna. Lakini hesabu hii haitaki maabara, inataka chaki.

Kanuni ni chache. Elementi ikiwa peke yake ni 0; oksijeni ndani ya kampaundi kwa kawaida ni −2; jumla ya kampaundi nzima ni 0. Kasiteriti, madini ya bati ya Bisie, kule Walikale, ni SnO₂: oksijeni mbili ni −4, basi bati ni +4. Koltani inataka subira kidogo. Chukua FeTa₂O₆: oksijeni sita ni −12, chuma ni +2, zinabaki +10 za kugawanywa kwa tantali mbili, +5 kila moja. Weka manganizi pa chuma, au niobi pa tantali, jibu ni lile lile.

Hapo walimu wengi hufunga daftari, na hapo ndipo utamu unapoanza. Kasiteriti ikichomwa na makaa kwenye tanuri, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, kila atomu ya bati hupokea elektroni nne na kushuka kutoka +4 hadi 0. Gunia linaondoka Walikale likiwa bado +4; wanaolishusha hadi 0 wako mbali, na ujira wa kazi hiyo wanaupata wao. Asituambie mtu kwamba Kongo haiwezi: mji wa Manono uliyeyusha bati yake zama za ukoloni, kwa umeme wa maji wa Piana-Mwanga. Tantali ni kaidi zaidi, kwani makaa huigeuza kabidi. Viwanda huifanya kwanza K₂TaF₇, ikiwa bado +5 (ihesabuni wenyewe), ndipo sodiamu huipa elektroni.

Namba hizi hazisemi kila kitu. Niobi ilitambuliwa mwaka 1801 na tantali 1802, kisha wanakemia wakabishana kwa miongo kama ni metali moja au mbili. Mwanakemia Marignac alipata njia nzuri ya kuzitenganisha mwaka 1866. Zote hupenda +5, na atomu zao zinakaribiana mno kwa ukubwa. Ubishi huo kwa mchimbaji wa Rubaya ni suala la mfuko: bei ya koltani hufuata asilimia ya tantali, na mashine ya miale ya eksirei inayoisoma asilimia hiyo iko mkononi mwa mnunuzi. Makala yetu ya kwanza inaeleza jinsi mashine hiyo inavyosoma jiwe.