Pointi za safari za ndege zisiachwe zioze

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata nguo, vipuri na simu Dubai na Guangzhou ni miongoni mwa wateja wa kutumainiwa wa mashirika ya ndege. Wapo wanaosafiri mara nne au tano kwa mwaka, nauli wakilipa kutoka katika mtaji wao wenyewe. Hata hivyo, wengi wao hurudi wamejibana daraja la kawaida usiku kucha, na asubuhi ya pili wako dukani, huku pointi walizozitolea jasho zikipotea bila kudaiwa.

Utaratibu wa kumlipa msafiri pointi ulishika kasi baada ya shirika la American Airlines la Marekani kuanzisha mpango wake mwezi Mei 1981. Leo Emirates wana Skywards, Ethiopian wana ShebaMiles na Kenya Airways wana Asante Rewards. Kujiunga ni bure. Pamoja na tiketi za bure, pointi hizo zinaweza kumhamisha msafiri kutoka daraja la kawaida hadi daraja la biashara, ambako katika ndege nyingi za safari ndefu kiti hulala kama kitanda.

Wapo wanaoamini kuwa ukivaa suti na kumbembeleza mhudumu wa kaunta utapandishwa. Si kweli, au ni mara chache mno. Daraja la kawaida linapokuwa limeuziwa watu kuliko viti, ni kweli wapo watakaosogezwa mbele, lakini kwa kawaida wanaoanza kufikiriwa ni wenye kadi za ngazi ya juu kama Gold na Platinum. Ndiyo maana anayegawa safari zake katika mashirika manne hubaki ngazi ya chini kote kunne, wakati mwenzake aliyeshikilia shirika moja amekwishapanda.

Ili kuelewa lini nafasi hupatikana, mtazame muuza nyanya. Asubuhi hapunguzi bei, kwa kuwa anatarajia mnunuzi mzuri. Jioni nyanya zinaanza kulainika na bei inashuka. Kiti cha ndege huoza mlango unapofungwa. Shirika hukizuia kiti cha daraja la biashara likimsubiri wa kulipa taslimu, kisha likiona hakiuziki hukitoa kwa wenye pointi. Kwa hiyo, msafiri aombe mapema, na akiambiwa hakuna, aombe kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri pale inaporuhusiwa, kisha aulize tena siku za mwisho na hata kaunta siku ya safari.

Siku ya kusafiri nayo ina uzito wake. Maonyesho ya Canton huko Guangzhou hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, na siku za kuyakaribia ndege hujaa mbele na nyuma. Anayefuata mzigo wa kawaida hana sababu ya kugombania kiti wiki hiyo.

Lakini mtego mkubwa uko kwenye tiketi yenyewe. Kila tiketi ina herufi ya aina ya nauli. Nauli ya chini kabisa mara nyingi hairuhusu kupandishwa daraja, au hudai pointi nyingi zaidi, na tiketi za kikundi huwa na masharti magumu kuliko hizo. Anayetaka kutumia pointi za shirika moja katika ndege ya mshirika wake ndani ya Star Alliance, ambamo Ethiopian imo tangu 2011, hutakiwa kuwa na tiketi ya nauli ya juu. Tofauti ya nauli ikiwa kubwa, afadhali kubaki nyuma na fedha hiyo ikanunue bidhaa.

Hesabu hiyo ni ya lazima. Kutumia pointi kwa safari ya mchana ya Dubai, ambayo haifiki saa sita, ni ufujaji. Safari ya usiku kutoka Addis Ababa hadi Guangzhou ni jambo jingine, hasa kwa anayeshuka na kwenda moja kwa moja sokoni. Na kama pointi zinatosha tiketi ya bure, mwenye mtaji mdogo achukue tiketi, akikumbuka kuwa kodi na tozo bado atalipa.

Pointi za Skywards hudumu miaka mitatu tu. Namba ya uanachama isipoandikwa kwenye tiketi hakuna kinachoingia, na jina lisipofanana na la pasipoti kuzidai ni usumbufu. Pasi ya kupandia ndege isitupwe hadi pointi zionekane.

Hapa mawakala wa tiketi wana deni. Anayepokea shilingi milioni kadhaa za mteja hashindwi kumuuliza namba yake ya uanachama, wala kumweleza kwa Kiswahili, kabla hajalipa, kama tiketi anayouziwa inaweza kupandishwa daraja.