Mazurka Twaijua, Wigashe Je?

Katika chama chetu cha muziki iko desturi moja ambayo naona yafaa tuitazame upya. Mwanafunzi akiulizwa maana ya nokturni, hujibu mara moja kuwa ni kipande cha piano chenye utulivu wa usiku. Akiulizwa mazurka, hujibu kuwa ni ngoma ya Poland yenye mapigo matatu. Lakini akiulizwa tofauti ya wigashe na bugobogobo, hucheka na kusema kuwa hayo ni mambo ya kijijini. Mimi nasema jibu hilo halitufai, na ushahidi wangu nautoa kwa watunzi hao hao wa Ulaya tunaowasoma.

Mazurka ilitoka wapi? Ilikuwa ngoma ya wakulima wa jimbo la Mazovia. Frédéric Chopin aliondoka Poland mwaka 1830, akiwa na umri wa miaka 20, wala hakurudi tena. Alipokaa Paris alitunga mazurka kwa makumi. Antonín Dvořák, mtoto wa mwuza nyama wa kijijini huko Bohemia, alijipatia sifa mwaka 1878 kwa Ngoma za Kislavoni. Hiyo ndiyo karne ya muziki wa Kiromantiki: mabwana wakubwa hawakuona haya kwenda kujifunza kwa wanakijiji wao.

Wala si Wazungu peke yao. Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London mwaka 1875, na baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone. Mwaka 1905 alitoa kitabu cha nyimbo 24 za watu weusi, zilizopangwa kwa piano. Katika dibaji alieleza kuwa alitaka kuzitendea nyimbo hizo kama Dvořák alivyozitendea za Bohemia, na Grieg za Norwei.

Basi sisi wa Kigongo tunayo hazina mlangoni. Bugobogobo ni ngoma ya jembe: watu hulima pamoja kwa mdundo, huku wakiyarusha majembe na kuyadaka. Wigashe huimbwa watu wameketi. Bugoyangi ni ya wachezaji wa nyoka. Vyama vya Bagika na Bagalu vina historia ndefu ya kushindana kwa ngoma, na Bujora, karibu na Kisesa, ipo sikukuu ya Bulabo ya kuwaona.

Lakini hazina hii yapungua. Bibi yangu alilima kwa nyimbo hizo. Sisi wajukuu twalima kwa plau, na nyuma ya plau wimbo wa jembe hauna kazi. Tu wajukuu kumi na wawili, wala hapana hata mmoja awezaye kuimba wimbo wake mmoja mpaka mwisho. Mwaka 2010 Mmarekani Frank Gunderson alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma. Twamshukuru sana, lakini je, kazi hii tumwachie mgeni peke yake?

Wako wenzangu wasemao kuwa noti za Kizungu haziwezi kuishika ngoma yetu. Ni kweli, haziishiki yote. Lakini hata mazurka haikushikwa yote. Mpiga piano Charles Hallé alimwambia Chopin kuwa mapigo yake yalisikika manne, si matatu kama yalivyoandikwa. Chopin alikataa, kisha akacheka akasema kuwa hiyo ndiyo tabia ya ngoma ya kwao. Aliandika alichoweza, na kilichobaki wanafunzi wake walikipata kwa kumsikiliza.

Kwa hiyo natoa shauri. Likizo ijayo kila mwanachama amwendee mzee mmoja wa kwao, aandike wimbo mmoja: jina lake, maneno yake kwa lugha yake, huimbwa lini na nani. Mwenye simu nyumbani auchukue kwa sauti. Gazeti hili lichapishe nyimbo hizo muhula hata muhula, na kwaya yetu ijifunze mmoja kila mara, kando ya nyimbo za Ulaya, si badala yake.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Chopin alicheza kwao hata alipokuwa ugenini. Sisi tuko nyumbani, na wazee wetu wangali hai. Tusingoje.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne