Mpini mwepesi si hoja. Je, bapa lipo?

Imeingia kasumba katika michezo ya vijana wetu ya kudhani kwamba kifaa kikiwa chepesi zaidi, tena cha bei ya juu zaidi, basi ndicho bora zaidi. Nimeiona katika viatu vya mbio na nimeiona katika raketi. Sasa naiona katika mchezo ambao miaka thelathini iliyopita hakuna mwalimu wa Kenya aliyedhani angeulizwa habari zake, yaani mpira wa magongo wa barafuni. Mzazi anaombwa fedha za mpini mwepesi, ule uliochongoka ukawa mwembamba kuelekea chini, naye anatoa. Mpini unafika, unang'aa kama upanga mpya, kisha inagunduliwa kwamba hakuna bapa hata moja linaloingia ndani yake. Fedha zimekwenda, na mtoto bado anaazima gongo la mwenzake.

Yamkini msomaji atauliza barafu imetoka wapi katika nchi iliyokatwa na Ikweta. Imetoka Nairobi, Barabara ya Mombasa, ambako uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005 ndani ya hoteli ya Panari. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada, wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, majina ambayo mtoto wa Kanada huyajua kabla ya kujua jedwali la kuzidisha. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni. Kwa hivyo mchezo huu si mzaha wa watalii tena, na maswali ya vifaa vyake hayana budi kujibiwa kwa makini, hasa na walimu ambao ndio hutia sahihi kwenye karatasi za kununulia.

Wazee wa michezo watanikumbusha kwamba Kenya haikuanza jana kushika gongo. Naam, enzi za akina Avtar Singh Sohal timu yetu ya wanaume ilimaliza ya sita katika Olimpiki za Tokyo mwaka 1964, na mwaka 1971 ikawa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza mjini Barcelona. Lakini gongo la City Park si gongo la barafuni. Lile la uwanjani ni kipande kimoja, upande wake wa kushoto pekee ndio ulio bapa, na sheria hairuhusu uzito wake uzidi gramu 737. Mwenye mkono wa kushoto hana lake. Hulishika kama wanavyolishika wengine. La barafuni huchezewa pande zote mbili, lina mabapa ya kushoto na ya kulia, na, hapa ndipo penye kiini cha makala haya, laweza kuwa vipande viwili vinavyoungwa na kuunguliwa.

Haikuwa hivyo tangu hapo. Wamikmaq wa Nova Scotia, mashariki mwa Kanada, walikuwa mafundi wa kuchonga gongo zima kutoka katika kipande kimoja cha mti mgumu. Alumini ilipoingia, mpini uligeuka kuwa bomba lenye uwazi ndani, na bapa likapewa ulimi wa kuchomekwa katika uwazi huo. Wayne Gretzky, aliyetamba miaka ya 1980 kwa gongo la mbao la Titan, aliichezea miaka ya 1990 kwa mpini wa alumini wa Easton. Baadaye zikaja nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa utomvu mgumu, nazo ndizo zilizotuletea wepesi huu unaowapumbaza watu.

Mkulima yeyote anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Hachongi mpini kabla ya kutazama tundu la jembe. Katika gongo la barafuni mambo yamegeuzwa: mpini ndio wenye tundu, bapa ndilo lenye ulimi, lakini busara ni ile ile. Mpini wa kawaida una unene mmoja kutoka juu hadi chini, na tundu lake huhitaji ulimi mnene. Mpini uliochongoka hupungua unene karibu na mwisho wake wa chini, hivyo tundu lake ni dogo na huhitaji ulimi mwembamba uliotengenezwa kwa ajili yake. Aina hizi mbili hazichanganyiki. Ulimi mnene hauingii katika tundu dogo hata ukiupiga nyundo, na ulimi mwembamba katika tundu kubwa hucheza kama jino bovu. Zaidi ya hayo kuna vipimo vya watu wazima, vya vijana na vya watoto, na bapa la mtoto halifai mpini wa mtu mzima. Ama kuhusu majina ya kampuni, hilo si la kutisha sana. Kwa kawaida bapa la kampuni moja huingia katika mpini wa nyingine maadamu aina na kipimo ni kimoja, ingawa mara nyingine hulegea kidogo, na utepe mwembamba ukiuzungushia ulimi huimaliza kazi.

Kwa nini basi watengenezaji wakahangaika kuuchonga mpini? Si kwa ajili ya urembo. Mpini ukiwa mwembamba chini hujipinda karibu na bapa badala ya kujipinda katikati, na ukijipinda hapo hufyatuka upesi. Mchezaji hupiga kisahani kwa ghafla bila kuunyanyua mkono sana, na kipa hapati nafasi ya kusoma nia yake. Faida ya pili ni kwamba nyenzo hupungua katika sehemu ambayo uzito wake huumiza zaidi.

Hapa naomba walimu wa fizikia wanisaidie. Chukueni gongo lenye sentimita 150 hivi. Gramu 30 zikikaa sentimita 10 kutoka mkono wa juu, mkono hauzihisi. Gramu hizo hizo zikikaa kwenye bapa, sentimita 140 kutoka mkono ule ule, nguvu yake ya kuzungusha ni mara 14, na unapolirusha gongo kwa kasi tofauti huzidi hata hiyo. Ndiyo maana mtu anayejisifu kwamba amenunua mpini mwepesi kisha akauchomekea bapa zito amejidanganya mwenyewe. Anayetaka wepesi na aanze na bapa. Magongo ya kisasa ya kipande kimoja, yale ya bei ya juu, yana takriban gramu 400 tu. Gongo la vipande viwili halifiki huko kwa urahisi, kwani maungio na gundi vina uzito wake. Dukani vipande hupimwa kimoja kimoja, ilhali mkono hubeba vyote kwa pamoja. Basi pima vyote pamoja.

Kuna namba iliyochapishwa kwenye mpini ambayo, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko uzito, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Utakuta 65, 75, 85, 100. Hizo ni ratili za nguvu zinazohitajika kuupinda mpini kwa inchi moja. Wachezaji wana kanuni yao isiyo ya msahafu: chukua uzito wako kwa ratili, ugawe kwa mbili. Mwanafunzi wa kilo 60 ana ratili 132, hivyo mpini wa 65 au karibu na hapo unamfaa. Ukimpa wa 100 kwa kuwa ndio uliopatikana, atakuwa ameshika mtaimbo. Hatalipinda gongo, na gongo lisilopindika halifyatuki, basi ile faida yote ya kuchongoka iliyolipiwa na mzazi wake imepotea.

Urefu nao huharibu hesabu hiyo. Gongo likisimamishwa wima humfikia mchezaji kidevuni akiwa amevaa viatu vya barafu, au puani akiwa peku. Likizidi, hukatwa, na kila linapokatwa hukaza. La 85 likipunguzwa inchi mbili tatu huwa gumu kama la 90 na ushei. Sasa sikiliza, ewe fundi mwenye msumeno: mpini wa kawaida waweza kukatwa ncha yoyote, lakini uliochongoka hukatwa juu tu. Ukiukata chini umeondoa sehemu ile ile nyembamba iliyotengenezewa ulimi, na hakuna bapa litakaloshika hapo tena.

Kuhusu mabapa yenyewe nitasema machache. Kuna upande, kushoto au kulia, na uzuri wa vipande viwili ni kwamba mpini hauna upande. Timu yenye mipini kumi inaweza kuwahudumia watoto wa mikono yote kwa kubadilisha mabapa tu. Kuna kupinda, ambako ligi ya Amerika Kaskazini, NHL, imekuwekea kikomo cha robo tatu ya inchi, na ambako anayeanza hahitaji kwingi. Kisha kuna pembe kati ya bapa na mpini, inayoandikwa kwa namba kama 5 au 6. Namba ikiwa kubwa, mpini husimama wima zaidi. Mwalimu hahitaji kipima-pembe. Na autazame utepe uliofungwa kwenye bapa baada ya mazoezi ya wiki moja: ukiwa umelika upande wa kisigino, pembe ni kubwa mno kwa mtoto huyo au mpini ni mrefu, ukiwa umelika nchani, achukue namba ya juu zaidi.

Wapo watakaonijibu kwamba mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwa kuwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulimwengu umehamia magongo ya kipande kimoja. Wanasema kweli, na kweli hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Maduka mengi yamepunguza mipini na mabapa ya kuunga, na yaliyochongoka ndiyo yanayozidi kuwa adimu. Hata jina la Easton, lililokuwa mashuhuri katika mipini, lilitoweka katika hoki ya barafuni baada ya kununuliwa mwaka 2016 na wamiliki wa Bauer. Lakini gongo la kipande kimoja likivunjika bapa limevunjika lote. Kwa familia ya Toronto huenda hilo ni usumbufu wa jioni moja. Kwa kijana wa Nairobi anayesubiri mgeni wa kutoka ng'ambo amletee jingine ndani ya begi, ni muhula mzima bila mchezo.

Kwa sababu hiyo nashikilia msimamo ambao wauzaji hawataupenda. Chama au shule inayoanza na inunue mipini ya kawaida na mabapa ya mbao. Ni mazito kidogo, nakubali, lakini ulimi mnene hupatikana kwa mbao, kwa plastiki ngumu na kwa kaboni, na wanaojifunzia sakafuni kwa viatu vya magurudumu watashukuru, maana saruji hulila bapa la kaboni kama msasa. Mpini uliochongoka apewe yule ambaye tayari anajua kulipinda gongo, na usinunuliwe peke yake kamwe. Ununuliwe siku moja na mabapa yake mawili au matatu, nayo yachomekwe mbele ya muuzaji. Muuzaji akisema mabapa yatafika baadaye, fedha zirudi mfukoni.

Na wale jamaa zetu walioko Kanada au Minnesota wanaotaka kututumia vifaa, ambao nawashukuru, wasiandikiwe barua ya kuomba "magongo". Waandikiwe aina ya mpini, kipimo cha umri, namba ya kupinda na upande wa bapa, na waombwe kupima kwa rula upana na unene wa ulimi kabla ya kufunga mzigo. Mzigo ukifika, bapa lichomekwe kwa joto: ulimi huja na gundi inayoyeyuka, hivyo upashwe polepole kwa mashine ya kukaushia nywele au ile ya mafundi ya kupulizia joto, usukumwe hadi mwisho, gundi iliyozidi ipanguswe. Moto wa jiko au wa mshumaa usikaribishwe, kwa kuwa utomvu unaoshika nyuzi za kaboni huharibika kwa joto kali na ufa hauonekani mpaka siku ya mechi. Likishaingia, liachwe dakika kadhaa lipoe kabla ya mtoto kulishika.