Ni Nani Aliyemharibu Heathcliff?

Najua wengine mtauliza: mbona riwaya ya Kiingereza ndani ya jarida la Chama cha Kiswahili? Jibu langu ni fupi. Sisi wa Kidato cha Tatu tumebishana juu ya riwaya hii kwa Kiswahili mpaka kengele ikalia, na ubishi haujaisha.

Riwaya yenyewe ni Wuthering Heights, ya Emily Brontë wa Uingereza, iliyotolewa mwaka wa 1847. Wengi husema ni hadithi ya mapenzi tu: Heathcliff na Edgar Linton wanamgombea Catherine Earnshaw, na fahali wawili hawakai zizi moja. Mimi nakataa. Ugomvi wa hao wawili ni tawi. Mzizi uko kwa Hindley, kaka yake Catherine.

Tutazame mambo yalivyoanza. Mzee Earnshaw anakwenda Liverpool kwa miguu na kurudi na mtoto aliyemwokota mitaani. Anampa jina la Heathcliff, jina la mwanawe aliyefariki akiwa mdogo. Jamani, fikirini hapo! Mtoto mgeni anabebeshwa jina la marehemu, kisha anapendwa kuliko watoto wa nyumba. Hindley, aliyeahidiwa fidla, anaikuta imevunjikavunjika ndani ya koti la babake. Wivu unaanza usiku huo huo. Kwa hivyo hata mzee ana lake la kujibu.

Mzee anapokufa, Hindley anakuwa bwana wa nyumba. Anamwachisha Heathcliff masomo na kumtupa shambani kama kibarua. Baadaye Catherine anasema kwamba kuolewa na Heathcliff kutamshushia hadhi. Heathcliff anasikia hayo na kutoroka kabla ya kusikia Catherine akikiri kuwa anampenda. Sasa niambieni, nani aliyeishusha hadhi ya kijana yule? Si Hindley?

Halafu kuna misiba. Hindley anafiwa na mkewe Frances, naye anazamia katika ulevi na kamari. Catherine anapokufa baada ya kujifungua, Edgar anajitenga na watu, hata kanisani haendi tena. Heathcliff naye anaugeuza msiba kuwa kisasi. Wafiwa watatu, na hakuna aliyemwambia mwenzake pole ya kweli.

Je, Heathcliff hana hatia? Anayo, tena kubwa. Hareton, mwana wa Hindley, hakumkosea lolote, lakini Heathcliff anamlea bila kumfundisha hata kusoma, vile vile alivyonyimwa masomo yeye. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Aliyeonja uchungu huo ndiye aliyefaa kuwa wa kwanza kumkinga mwingine.

Haya si mambo ya Uingereza peke yake. Hata kwetu wamo wanafunzi wanaolelewa na shangazi au mjomba baada ya mazishi. Wapo wanaopendwa kweli. Wapo pia ambao karo yao hungoja mpaka ya wenye nyumba ilipwe kwanza, na jioni wao huchota maji huku binamu zao wakidurusu. Akinuna, ati ana kiburi! Kwani alizaliwa nacho? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazee wetu, mkimchukua yatima, msimpendelee kupita wenu wala msimfanye mtumishi. Nasi vijana tukumbuke kwamba aliyeletwa nyumbani hakuomba kufiwa.

Mwandishi ametupa dawa. Cathy, binti ya Catherine, kwanza anamcheka Hareton kwa kutojua kusoma. Mwishowe anaketi naye na kumfundisha, wakapendana, na uhasama wa miaka mingi ukaishia kwenye kitabu. Basi kama darasani kwako yuko anayechekwa kwa kubaki nyuma, keti naye wakati wa mapumziko.

Anayeniona nimepotoka, na ashike kalamu. Toleo lijalo ni lake.