Kuusoma Moyo Katika Karatasi

Watu wengi waionapo karatasi yenye mchoro wa mapigo ya moyo huidhani kuwa ni siri ya madaktari bingwa peke yao. Dhana hiyo haina msingi. Mchoro huo ni grafu, na kijana wa sekondari aliyefundishwa kusoma grafu anao tayari ufunguo wa kwanza wa kuufasiri.

Moyo hujiendesha kwa umeme mdogo utokao katika chembe zake wenyewe. Kila mpigo huanzia katika kituo kidogo kilichomo kwenye chumba cha juu cha kulia. Umeme huenea katika vyumba vya juu, hukawia kidogo katikati, kisha hushuka kwa kasi katika vyumba vya chini. Mwanzoni mwa karne ya 20, Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliunda chombo cha kuupima umeme huo kwa usahihi. Kilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 270, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika maji ya chumvi. Mwaka 1924 Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel, na herufi P, Q, R, S na T alizoyapa mawimbi ya mchoro ndizo zitumikazo hadi leo.

Kwa desturi karatasi hupita mashineni kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde. Kwa hiyo mraba mkubwa wa milimita 5 ni sekunde 0.2, na dakika moja ina miraba 300 ya namna hiyo. Ikiwa kati ya kilele cha R na kinachofuata kuna miraba mikubwa 4, basi 300 ikigawanywa kwa 4 huleta mapigo 75 kwa dakika.

Kasoro iliyopo ni kuwakaririsha wanafunzi wa uganga picha za maradhi kana kwamba ni sura za watu. Akutanapo na sura asiyoijua, mwanafunzi hupotea. Yafaa afundishwe utaratibu: kwanza kasi, kisha mpangilio wa mapigo, kisha wimbi P, kisha muda toka P hadi mwanzo wa QRS, ambao kwa mtu mzima mwenye afya ni sekunde 0.12 hadi 0.20, kisha upana wa QRS, na mwisho sehemu iendayo hadi T. Mwenda pole hajikwai.

Ichukuliwe mifano miwili. Mchoro wa kijana waonyesha mapigo yanayosogeleana avutapo pumzi na kuachana aitoapo, na kila QRS imetanguliwa na P. Huyo ni mzima. Mchoro wa mama ambaye vali ya moyo wake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iletwayo na maambukizo ya koo yasiyotibiwa, hauna P hata moja. Mstari watetemeka, na nafasi kati ya vilele hazina mpango wowote. Vyumba vyake vya juu havipigi bali vyatetema, na damu yaweza kuganda humo, ikasafiri hadi ubongoni na kuleta kiharusi. Aliyekariri kwamba kila mapigo yasiyolingana ni ugonjwa atamtia kijana hofu bure. Aliyekariri kwamba si neno atamrudisha mama nyumbani bila dawa.

Wapo wasemao kwamba kazi hiyo sasa ni ya mashine, kwani huchapa maelezo yake yenyewe juu ya karatasi. Lakini mashine yaweza kudanganywa na mgonjwa anayetetemeka kwa baridi, au na waya za mkono wa kulia na wa kushoto zilizobadilishana. Isitoshe, mchoro mzuri si hati ya afya. Hapana budi usomwe pamoja na mgonjwa mwenyewe.

Msingi wa elimu hii hujengwa shuleni. Fizikia, hisabati na elimu ya viumbe zafundishwa mbalimbali, ilhali katika karatasi hii zakutana. Mwalimu asiye na mashine aanze na saa: kila mwanafunzi aweke vidole juu ya kifundo cha mkono wake, ahesabu mapigo akiwa ametulia, kisha baada ya kukimbia, na achore grafu. Atakayezoea kuuliza kwa nini mstari umepanda ndiye atakayekuwa tabibu asiyeogopa karatasi.